Kijana wangu ameanza kukwea minazi na vifundo vinamuuma: je, amechelewa?

"Mwanangu wa kiume ana miaka 19. Alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, kazi hakupata, na tangu mwezi wa tatu amekuwa akimfuata mjomba wake kuangua nazi na madafu huko Shanzu na Utange, Mombasa. Mjomba wake alianza kukwea akiwa mtoto, na hupanda mnazi kama anayetembea barabarani. Mwanangu akifika katikati mikono huanza kutetemeka, na jioni hulalamika vifundo vya miguu na mashavu ya miguu. Mjomba asema ukwezi ni damu, mtu huzaliwa nao, na kijana amefuata kwa babake, ambako hakuna mkwezi. Kijana naye ameona kwenye simu watu wakipanda ukuta wa kioo kwa vifaa vilivyoigwa miguu ya mjusi, na anaweka pesa aagize glavu za namna hiyo. Kila akitoka asubuhi mimi sina raha. Je, ni kweli amechelewa? Glavu hizo zitamfaa? Au nimkataze kabisa?"

Mama, hofu yako ina msingi na sitajaribu kukuondolea yote. Mnazi mrefu wa kwetu huweza kupita mita 20, na mtu anayeanguka kutoka mita 10 tu hufika chini baada ya takribani sekunde moja na nusu, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Hata hivyo, kutetemeka kwa mikono na maumivu ya vifundo ni jambo lenye maelezo yake, na maelezo hayo hayamo katika damu ya upande wowote. Kazi yangu ni kutibu viungo kwa mazoezi, na wakwezi ni miongoni mwa watu ambao nimejifunza mengi kwa kuwatazama, kwa hiyo niruhusu nianze na mti wenyewe kabla ya kufika kwenye mguu wa mwanao.

Mnazi hauna matawi ya kushika, na shina lake ni nene mno kwa kiganja kulizunguka. Anayeukwea hana pa kuning'inia. Hushikiliwa na msuguano peke yake, yaani ule ukinzani unaouzuia wayo usiteleze juu ya shina. Msuguano haupatikani bure. Huongezeka kwa kadiri wayo unavyoukandamiza mti, na ndiyo sababu mkwezi huuvuta mti kwa mikono wakati huo huo akiusukuma kwa miguu. Tuseme kijana wako ana kilo 60, na tuseme shina ni kavu kiasi kwamba nusu ya nguvu ya kukandamiza ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kumshikilia. Ili asiteleze, mikono na nyayo zake kwa jumla zinapaswa kuukandamiza mti kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 120, tena bila kulegeza, hata pale anapodhani kwamba amepumzika. Mvua ikinyesha na shina likawa na utelezi, hesabu hiyo hupanda haraka, na huenda nguvu zote alizo nazo zisitoshe.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba kinachomchosha mkwezi ni kuuinua mwili, ilhali kazi ya kuinua kilo 60 hadi mita 15 ni ndogo sana: nishati inayotumika, hata ukihesabu ile inayopotea misulini kama joto, haifiki ile iliyomo katika kijiko kimoja cha chai cha sukari. Kinachomchosha ni kushikilia. Msuli uliokazwa bila kuachiwa hubana mishipa ya damu iliyo ndani yake, damu mpya haipenyi vizuri, taka za kazi hujikusanya, na baada ya muda mfupi msuli huanza kutetemeka hata kama mwenye nao ana moyo wa simba. Misuli ya vigasha, inayokunja vidole, ndiyo huchoka kwanza. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini mikono ya mwanao ilazimike kushikilia zaidi kuliko ya mjomba wake.

Jibu liko kwenye kifundo cha mguu. Siku moja mtazame ndugu yako akiwa mtini, ukiwa umesimama ubavuni mwake. Utaona kwamba ameubandika wayo kwenye shina, na muundi wake umelala karibu kabisa na mgongo wa wayo, kama kwamba mguu umekunjwa. Kukunjika huko ndiko kunakouleta mwili wake karibu na mti. Sasa mtazame mwanao. Kifundo chake kinagoma mapema, kwa hiyo goti na nyonga zake zinasukumwa nyuma, mbali na shina, na kadiri uzito unavyokaa mbali na mti ndivyo unavyotaka kumbandua kwa nyuma. Mikono ndiyo inayolazimika kuuzuia uzito huo. Kwa maneno mengine, mikono ya kijana inalipa deni la vifundo vyake, na mashavu ya miguu yanauma jioni kwa sababu mchana kutwa yamevutwa kupita urefu yaliouzoea.

Kuhusu damu, kuna utafiti ambao ningependa ndugu yako ausikie. Mwaka 2013 Vivek Venkataraman na wenzake walichapisha matokeo kuhusu Watwa wa magharibi mwa Uganda, ambao hupanda miti mirefu kutafuta asali. Walikuta kwamba Watwa hao, wanapopanda, hukunja kifundo kupita digrii 45, kiwango kinachokaribia cha sokwe wa porini, na ambacho baadhi ya wanasayansi walikuwa wakiamini kwamba kifundo cha binadamu wa leo hakiwezi kukifikia bila kuumia. Walipowalinganisha na majirani zao Wakiga, ambao ni wakulima, waliona kwamba nyuzinyuzi za msuli wa shavu la mguu wa Watwa zilikuwa ndefu zaidi. Walilinganisha pia jamii mbili za Ufilipino, moja ya wapandaji na nyingine isiyopanda, na wakapata tofauti ya namna hiyo hiyo. Nakiri kwamba utafiti huo, kwa kuwa uliwapima watu wazima waliokwisha kukua wakipanda, peke yake hauthibitishi kwamba ni mazoezi yaliyorefusha msuli. Lakini tunajua kwa njia nyingine kwamba msuli unaonyooshwa mara kwa mara chini ya uzito huongeza vipande vipya kwenye ncha za nyuzinyuzi zake, na hilo halikomi mtu akifika utu uzima. Ndugu yako hakuzaliwa na mguu ule. Aliutengeneza, mnazi kwa mnazi, tangu utotoni, na kwa kuwa alikuwa mwepesi na minazi aliyoanzia haikuwa mirefu, mwili wake ulipata miaka ya kujizoeza bila haraka.

Kwa hiyo mwanao hajachelewa, ila anaharakishwa. Msuli hubadilika kwa wiki na miezi, ukano wa kisigino hubadilika polepole zaidi, na wiki za mwanzo za kunyoosha huleta hasa uzoefu wa kuvumilia ule mvuto, wala si urefu wenyewe. Kijana anayejisikia amelegea baada ya majuma matatu hudanganyika kwa urahisi akaongeza idadi ya minazi kabla kano hazijawa tayari, na hapo ndipo maumivu ya siku moja hugeuka kuwa jeraha la mwaka.

Mnaweza kumpima nyumbani. Asimame miguu mitupu mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa umbali wa sentimita 10 kutoka ukutani, kisha apeleke goti mbele liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Akishindwa, asogee karibu hadi aweze, na umbali huo muuandike, kwa kila mguu peke yake. Muulize pia anahisi nini anapofika mwisho. Akihisi mvuto nyuma, kwenye shavu au juu ya kisigino, tatizo ni la msuli na hilo hutibika kwa subira. Akihisi kitu kinabana mbele ya kifundo, kama mlango uliogonga kizingiti, kunyoosha kwa nguvu kunaweza kumdhuru, na anapaswa kupimwa na mtaalamu kabla ya jambo lingine lolote. Ikiwa ni mvuto wa nyuma, anyooshe kila siku akiwa ameegemea ukuta, mara goti likiwa limenyooka, mara limekunjwa kidogo, kwa sababu shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa na kila mmoja hunyooka kwa mkao wake. Nusu dakika kila mkao, mara nne au tano, inatosha. Kisha asimame kwenye kidaraja cha ngazi kwa vidole, ashushe visigino polepole chini ya ukingo na kuvipandisha tena. Zoezi hilo huimarisha kano na kunyoosha kwa pamoja. Kila baada ya wiki mbili apime tena ukutani.

Mikono nayo isisahauliwe, ingawa si kwa namna vijana wanavyodhani. Wengi huanza kunyanyua vyuma ili wapate vifua, kisha wanapanda wakiwa wazito zaidi. Mbega wa Diani, ambao husafiri juu ya miti maisha yao yote, hawana kidole gumba cha maana mkononi, ni kijivimbe tu, na bado hutumia mikono yao kama kulabu bila shida yoyote. Kinachotakiwa ni mkono unaoweza kushika kwa muda mrefu bila kukaza kupita inavyohitajika, na mtu mwenye vifundo vinavyokunjika vizuri hujifunza hilo karibu bila kufundishwa, kwa sababu miguu imekwisha kuuchukua mzigo.

Sasa tuje kwenye glavu. Namwelewa kijana, kwa sababu mjusi kafiri anayetembea darini kwenu usiku ni ajabu kubwa kuliko tunavyompa heshima yake. Hatumii gundi, wala hafyonzi ukuta kama kikombe cha mpira. Vidole vya mijusi wa jamii yake vimejaa vinywele vidogo sana. Yule mkubwa wa Asia, ambaye wanasayansi wamemchunguza zaidi, ana takribani nusu milioni katika kila wayo, na kila kinywele hugawanyika kuwa mamia ya ncha ambazo ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu kwa mamia ya mara. Ncha hizo husogea karibu na ukuta kiasi kwamba molekuli za mguu na za ukuta huvutana zenyewe, kwa zile nguvu zinazoitwa kwa jina la mwanafizikia wa Uholanzi, Johannes van der Waals. Kellar Autumn na wenzake walipima nguvu ya kinywele kimoja mwaka 2000. Baadaye ilionekana kwamba hata mguu wa mjusi aliyekufa hushika sawa na wa aliye hai, kwa kuwa kushika huko hakuhitaji msuli wala nia. Mjusi huachia kwa kuukunjua ule upande wa ncha ya kidole kwanza, kama mtu anavyobandua plasta.

Kwa nini basi yasifanye kazi kwa mwanao? Kwa sababu ya ukubwa. Ukiuzidisha urefu wa kiumbe mara mbili, eneo la ngozi yake huongezeka mara nne, lakini uzito wake huongezeka mara nane. David Labonte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walifanya hesabu hii mwaka 2016 na kuonyesha kwamba, ili binadamu ashike ukuta kama mjusi, takribani asilimia 40 ya ngozi yake yote ingelazimika kuwa na pedi za kunata. Viganja viwili havikaribii hata kidogo. Ni kweli kwamba mwaka 2014 Elliot Hawkes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walimpandisha mtu wa kilo 70 kwenye kioo kwa mita 3.7, na inawezekana hiyo ndiyo video aliyoiona kijana. Lakini hawakutumia glavu. Walitumia vibao viwili vyenye vigae vidogo 24 kila kimoja, vilivyobuniwa ili mzigo ugawanyike sawasawa kwa kila kigae, na uzito ulibebwa na miguu iliyokanyaga vidaraja vilivyoning'inia chini ya vibao hivyo. Na ilikuwa kioo: kitu laini, safi, kisicho na vumbi. Shina la mnazi lina mabaka, nyufa, vumbi na kuvu, na ncha za kunata hazipati pa kugusa. Glavu zinazouzwa mitandaoni kwa madai hayo asizinunue, na asizijaribu hata kwenye ukuta wa nyumba.

Mashine za kukwea nazo zipo, na hizi si za mchezo. Huko India, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Amrita walitengeneza roboti inayolizunguka shina kama pete, ikapanda minazi ya mita 15 ikiwa na mkono wa kukata. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba hata wahandisi, walipopewa uhuru wa kuchagua njia yoyote, waliishia kuubana mti kutoka pande zote, jambo ambalo mkwezi mwenye kamba miguuni amelifanya siku zote. Kwa kijana wa Utange, hata hivyo, kinachokaribia uwezo wake ni kile kifaa cha mkono kinachotumiwa sana Kerala, kusini mwa India: fremu mbili za chuma, moja kwa kila mguu, zenye waya unaolizunguka shina na kukaza unapokanyaga. Mtu huzipandisha kwa zamu. Kifundo hakilazimiki kukunjika, na fundi hodari wa kuchomelea anaweza kukielewa akikiona. Ubaya wake ni uzito, na ukweli kwamba huchukua muda kukifunga na kukifungua katika kila mti, kwa hiyo mtu anayelipwa kwa idadi ya minazi atakiona kama mkosi hadi azoee.

Ndugu yako bila shaka hutumia vidato, zile ngazi zilizokatwa kwenye shina. (Watoto wetu wanaposema wamefika kidato cha nne wanatumia neno hili hili la ngazi ya mnazini.) Kidato humpa mkwezi ukingo wa kukanyaga, na hilo ni nafuu kubwa kwa kifundo. Ila mnazi si kama mwembe. Hauna ile tabaka chini ya gome inayotengeneza mbao mpya na kuziba kidonda, kwa hiyo kila kidato ni jeraha litakalobaki wazi mradi mti upo, maji hukaa humo, ukingo huoza, na siku moja hukatika chini ya mguu wa mtu aliyeuamini kwa sababu jana ulimbeba. Mwanao ajifunze kugonga kila kidato cha zamani kwa kisigino kabla ya kukipa uzito wake. Kamba ya miguuni, ile inayozifunga nyayo zisiachane ili ziubane mti kama koleo, naipendelea zaidi kwa anayejifunza, kwa kuwa kadiri uzito unavyoivuta ndivyo inavyozidi kubana, na mti haujeruhiwi. Lakini kamba hiyo ni chombo cha kupandia. Haimzuii mtu kuanguka.

Kinachomzuia ni mkanda wa usalama unaovaliwa kiunoni na mapajani, wenye ukanda wa pili unaolizunguka shina na kukaza wenyewe unapovutwa ghafla. Ukilazimika kutumia pesa ambazo kijana ameziweka kwa ajili ya glavu, zitumie hapa, mama, na usikubali ule mkanda wa kiunoni tu, kwa kuwa unaweza kumvunja mgongo au kumkaba pumzi mtu aliyening'inia. Mtazame mtambuu unavyopanda: kila kifundo cha shina lake hutoa vijizizi vinavyoshika mti, na mche unaposogea juu hauachii vile vya chini. Mkwezi hana anasa hiyo. Kuna nukta katika kila hatua ambapo miguu yake yote miwili imeachia na mikono peke yake ndiyo inayomshikilia, na mkanda ni ile mizizi ya nyuma ambayo mwili wake haukupewa.

Hatari kubwa zaidi iko kileleni, pale anapotoka kwenye shina na kushika makuti huku mkono mmoja una panga. Kuti linapozeeka mnazi wenyewe hulikatia uhusiano kwenye kikonyo ili lidondoke, kwa hiyo kuti lililokauka linaweza kuonekana imara na kumbe linangoja kuguswa. Ashike makuti ya kijani pekee, tena karibu na shina, na asipande kabisa siku ya mvua au siku ambayo kusi inavuma kwa nguvu na vilele vinayumba.

Kuhusu kumkataza, sitakuamulia. Ningekuwa mimi, ningemzuia kupanda minazi mirefu kwa miezi mitatu au minne, nikamwacha aangue ile mifupi ya kitamli na ile michanga, huku akinyoosha vifundo na kujifunza mkanda. Atapata pesa kidogo katika kipindi hicho, na mjomba atalalamika. Waeleze wote wawili kwamba ni muda wa kumpa kijana utoto wa ukwezi ambao mjomba aliupata na yeye hakuupata.

Maumivu ya jioni yanayoisha kufikia asubuhi yanavumilika. Lakini kifundo kikivimba, akiumwa hata akiwa amelala, akihisi ganzi au kuchomwa wayoni, akichechemea hatua za kwanza za asubuhi kwa zaidi ya wiki mbili, au akisikia mlio nyuma ya kisigino na mguu ukakosa nguvu ya kusimamia vidole, asingoje wala asikandwe kwanza. Idara ya mazoezi ya viungo ipo Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado twaiita Makadara. Na akianguka, hata kama ameinuka na kusema hana neno, apelekwe siku hiyo hiyo. Anayetua kwa miguu huvunja kisigino, na nguvu iliyovunja kisigino hupanda hadi uti wa mgongo, kwa hiyo mwambieni daktari aangalie mgongo pia. Akiwa bado chini na analalamika mgongo au shingo, au hahisi miguu yake, msimwinue kwa mikono na miguu kumpakia kwenye tuktuk. Mshikilieni kichwa kisigeuke, mfunikeni, na mwite ambulansi.

Ukimleta kwa mtaalamu wa viungo, aje miguu mitupu ndani ya kandambili na aibebe ile kamba anayopandia. Dakika kumi za kumtazama akiifunga zitaonyesha mengi kuliko picha ya kifundo.